Mkono Usio na Bwana

Siku mashine ya kukuna muhogo ilipomla Leocadio mkono wa kulia, mdogo wake Wilfrido alilia kuliko mtu yeyote pale kiwandani. Alilia mpaka wanawake wanaooka mikate ya muhogo wakamshika mabega na kumpa maji ya sukari. Yalikuwa machozi ya kweli, tusimsingizie. Ila jioni yake, akiwa njiani kurudi nyumbani, kamasi bado hazijakauka, wazo lilimjia na hakulifukuza: sasa majogoo ni wangu.

Kule kwetu Los Yagrumos mtu anaweza kuishi bila mke na bila meno, lakini hawezi kuishi bila jogoo wa kumpeleka ulingoni Jumapili. Na hakuna aliyekuwa na majogoo kama Don Tavito Almonte, baba yao. Walikuwa wa kijivu, shingo ndefu, macho mekundu, uzao aliouanza babu yake na ambao watu wa Santiago walikuja kuuomba wakaondoka mikono mitupu. Don Tavito hakuuza hata yai. Banda lake lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake kwa uzi mwekundu, ndani ya shati, mahali ambapo wenzake walining'iniza msalaba.

Mzee huyo alikwenda kumwona Leocadio hospitali mara moja tu. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akautazama mkono wa mwanawe uliokatikia chini kidogo ya kiwiko na kufungwa bendeji kama mtoto mchanga. Hakuuliza kama unauma.

"Jogoo hashikwi kwa mkono mmoja," alisema. Akavaa kofia, akatoka.

Wilfrido alikuwa amekaa dirishani, anamenya chungwa la mgonjwa. Alimtazama kaka yake, akamwona amefumba macho. Basi akamaliza kulimenya chungwa, akalila mwenyewe.

*

Ikawa sasa Wilfrido ndiye mshika jogoo wa Don Tavito. Asiyeijua kazi hiyo huiona ni ya kitoto. Unaingia ulingoni na ndege wako kifuani, unamkaribisha kwa mwenzake, mdomo kwa mdomo, mpaka hasira imjae manyoyani, kisha mwamuzi akipiga kofi unamwachia kwenye mstari. Basi. Lakini ukimwachia mapema, anaingia hajakasirika. Ukimchelewesha nukta moja, mwenzake ameshamrukia. Na jogoo anakusikia. Mikono ikiwa na woga, naye anashuka na woga.

Leocadio alikuwa akimwachia jogoo kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Wilfrido alimwachia kama mtu aliyeungua na sufuria. Alipoteza majogoo wengi, wazuri, mpaka watu wa ulingoni wakaanza kuangalia kwanza ni nani amemshika ndege wa kijivu kabla ya kuweka dau. Don Tavito hakumgombeza. Alirudi nyumbani amemshika miguu ndege aliyekufa, anapita karibu na Leocadio aliyekaa barazani na mkono wake mmoja, anasema kwa nguvu kama anaongea na ukuta, "Ah, ile mikono. Ile mikono iliyopotea."

Hebu fikiria kusikia hivyo kila wiki, wewe uliye na yako miwili.

Kisha shirika moja la wafadhili pale Santiago likampa Leocadio mkono wa mota. Ulikuwa mweusi, vidole vyake vya plastiki ngumu juu ya chuma, na kigutu cha Leocadio kiliingia ndani ya kikombe kilichofinyangwa kwa kipimo chake. Ndani ya kikombe kulikuwa na vibati viwili vya chuma vilivyogusa ngozi. Fundi aliyempa mafunzo alikuwa binti mmoja mchangamfu, Yocasta, mwenye kucha za rangi tofauti tofauti.

"Fikiria unafunga ngumi kwa mkono usiokuwepo," alimwambia. "Msuli utakaza, kibati hiki kitasikia, mkono utafunga. Fikiria unauinua ule mkono juu kama unasimamisha gari, kibati cha pili kitasikia, utafunguka. Umeona? Hausikii moyo wako huu. Unasikia msuli tu. Ukikaza kwa hasira, kwa hofu, kwa chafya, wenyewe hauna habari, unafunga. Na ukishafunga, vidole havirudi hata avivute ng'ombe, mpaka uvifungue wewe."

"Na ngozi?" Leocadio akauliza.

"Safi na kavu. Usipake mafuta, usipake losheni, usipake chochote. Ngozi ikiwa na mafuta, vibati vinasikia takataka, na mkono unafanya takataka."

Wilfrido ndiye aliyempeleka kwa pikipiki kila mara, kwa sababu Leocadio hakuweza kuendesha. Alikaa pembeni, miguu kaitandaza, anapiga miayo. Lakini masikio yalikuwa yake, na yalikuwa wazi.

Leocadio alifanya mazoezi kama mwendawazimu. Alianza na vikombe vya plastiki, akaja kwenye ndizi mbivu, akaja kwenye mayai. Mwanzoni familia yote ilikula mayai ya kuvurugwa, kwa kuwa hakuna lililosalimika. Baadaye mayai yakaanza kupona. Siku moja Don Tavito alitoka bandani akamkuta mwanawe amekaa kwenye ngazi, kifaranga cha wiki moja kimelala ndani ya vidole vyeusi, kimesinzia. Mzee alisimama pale muda mrefu.

Kwenye chakula cha mchana, mbele ya ndizi za kupondwa na vipande vya salami, akatoa neno.

"Sikukuu ya mtakatifu wa mji, jogoo mkubwa wa kijivu atashikwa na Leocadio. Akimwachia vizuri, banda ni lake, ufunguo na kila kilichomo. Akishindwa, ni la Wilfrido. Mimi nimechoka. Neno langu nimelitoa."

Leocadio alijibu, "Sawa, baba," na sauti ikamkatika. Wilfrido naye akajibu sawa.

*

Siri ya kuuchezea ule mkono Wilfrido aliipata mezani hapohapo, siku chache baadaye. Leocadio alikuwa ameshika kikombe cha bati chenye kahawa. Wilfrido akasema tu, hivi hivi, huku anapaka siagi mkate:

"Nimemwona Mireya kule mjini Mao."

Mireya alikuwa mke wa Leocadio. Aliondoka kabla bendeji hazijatolewa.

"Ehe," Leocadio akasema.

"Amenenepa. Mumewe mpya ana lori la mpunga. Ana mikono miwili, na nilivyomwona Mireya, yote inafanya kazi."

Kikombe kikajikunja. Kahawa ikaruka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Leocadio akautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata, akahangaika, akapumua, mwishowe vidole vikaachia. Wilfrido akaomba radhi. Akafuta meza kwa mikono yake yote miwili. Na moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Basi akaupeleka mchezo dukani kwa Chago, mahali ambapo wanaume wa Los Yagrumos hucheza domino na kunywa bia kutwa nzima. Aliwaambia kaka yake ana mkono usio na bwana. Ukimtia hasira tu, unajifunga wenyewe, hata yeye hawezi kuuzuia.

"Acha uongo," Chago akasema.

"Mpeni parachichi muone."

Leocadio alipokuja kununua chumvi, wakampa parachichi ashike, eti wamsaidie kupima kama limeiva. Kisha wakamuuliza habari za Mireya. Parachichi likatapakaa mpaka kwenye shati lake, na kile kicheko kilisikika hadi kanisani. Siku ya pili ilikuwa nyanya. Siku ya tatu ilikuwa mkono wa Chago mwenyewe, aliyejitia ushujaa, na alipiga kelele mpaka Leocadio alipofanikiwa kuufungua, uso umemwiva kwa aibu, anaomba msamaha kwa watu waliokuwa wanamcheka.

"Mkono huo hauna bwana!" walimpigia kelele akipita barabarani. Wilfrido ndiye aliyelitunga neno, na lilimpendeza kulisikia katika vinywa vya watu.

Angekuwa mtu mwingine angeuvua mkono ule akautupa mtoni. Leocadio hakuutupa. Alianza kuja dukani kila siku, bila kuitwa, na yai mfukoni. Alikaa kwenye kreti la bia, akaliweka yai ndani ya vidole vyeusi, akasema, "Haya. Semeni."

Wakasema. Nani asingesema, amepewa ruhusa? Walimtukania mke, walimtukania marehemu mama yake, walimwita kigutu, walimwita nusu mtu. Yai la kwanza lilipasuka, na la pili. Yeye alifuta mkono, akatoa lingine. Ikafika siku Wilfrido mwenyewe akasimama mbele yake, akachuchumaa, akamsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Kaka, unajua baba alisema nini ulipokatika? Alisema afadhali mashine ingekuchukua mzima."

Lile lilipita mipaka hata kwao. Leocadio alimtazama mdogo wake. Uso ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza bei ya mchele. Vidole havikutikisika.

"Chukua," akasema, akampa yai. "Likaange."

Wilfrido alirudi nyumbani na lile yai mkononi na homa ya hofu mwilini. Mchezo umekwisha, alijua. Matusi hayatoshi tena. Ndipo alipokumbuka maneno ya binti mwenye kucha za rangi.

*

Don Tavito alikuwa na desturi yake, na kila mfuga jogoo wa eneo lile anayo ya kwake. Kabla ya kuingia ulingoni alimpaka mshika jogoo wake beroni kuanzia mabegani hadi kwenye vidole. Beroni ni pombe iliyolowekwa majani ya mti wa malagueta, nzito kwa mafuta ya majani yale, inanukia karafuu na duka la kinyozi. Baba yake alimpaka yeye, na babu alimpaka baba. Alimpaka Leocadio tangu akiwa kijana wa ndevu za kwanza. Alimpaka Wilfrido naye, lakini kwa haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali na fataki zilianza asubuhi. Nje ya ulingo mama mmoja alikuwa anakaanga yaniqueque, mikate ile ya unga wa ngano inayovimba kwenye mafuta, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya kuungama. Ndani ya kibanda cha nyuma, Don Tavito alikaa na wanawe wawili na jogoo mkubwa wa kijivu ndani ya kikapu chake. Leocadio alikuwa ameuvua mkono wa mota, anaufuta ndani ya kikombe kwa kitambaa safi.

Wilfrido akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa chupa.

"Baba, umesahau beroni nyumbani. Nimekuletea."

Mzee akaipokea. Akamwaga kiganjani, akaanza na mkono wa kushoto wa Leocadio, taratibu, akiukanda kama zamani, bega, msuli, kiwiko, kila kidole. Tangu hospitali alikuwa hajamgusa mwanawe huyo hata kwa bahati mbaya.

"Inatosha, baba," Leocadio akasema kwa sauti ya chini.

"Na huu mwingine?" Wilfrido akasema. "Usiubague, baba. Au huu si wa mwanao?"

"Huu usipake. Fundi alisema..."

"Fundi, fundi! Sema tu unamwonea baba yako aibu na hicho kigutu."

Don Tavito akageuka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sidhani Los Yagrumos kuna mtu aliyewahi kuyaona hivyo.

"Mwanangu," akasema, "ulipozaliwa nilikushika ukiwa na damu mwili mzima. Leo unionee haya?"

Leocadio angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, na lingemwokoa. Lakini mzee alikuwa ameshakishika kile kigutu kwa mikono yake miwili, kovu na vyote, anakikanda kwa gumba polepole, ananong'ona maneno ambayo babu alinong'ona. Leocadio akafumba macho. Akaacha.

Mzee alipotoka, Leocadio alikimbilia pipa la maji akajisugua, akajifuta kwa shati. Maji matupu hayaondoi mafuta ya malagueta, wala hakukuwa na wakati, kwani walishaanza kuita. Akauvaa mkono. Akajaribu: ukafunga, ukafunguka. Akajaribu tena, ukachelewa kidogo, ukafunguka.

"Unafanya kazi?" Wilfrido akamuuliza kwa upole.

"Unafanya," akajibu.

*

Ulingo ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya paa la mabati. Mpinzani alikuwa jogoo mwekundu kutoka Monción, na aliyemshika alikuwa mzee mfupi asiyecheka. Mwamuzi, Don Apolinar, mwanamume mkubwa mwenye fulana nyeupe isiyo na doa, akawaita katikati.

Leocadio aliingia na ndege wake kifuani, mkono wa kushoto juu ya mgongo wa jogoo, vidole vyeusi chini ya kidari. Kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani. Alimkaribisha jogoo kwa mwenzake, akamrudisha, akamkaribisha tena, na manyoya ya shingo yakamsimama yule ndege kama mwavuli. Mtu mmoja nyuma ya Wilfrido akasema, "Mtazame. Ni yuleyule." Kijasho kilianza kumtiririka Leocadio kutoka begani, kikashuka, kikaingia ndani ya kikombe, kikakutana na beroni.

Don Apolinar akapiga kofi.

Jogoo mwekundu akaruka. Wa kijivu alibaki mikononi. Leocadio aliinua ule mkono usiokuwepo, aliuinua kwa nguvu zote, mshipa wa shingo ukamtoka, na vidole vikafanya kinyume. Vikafunga. Jogoo alitoa sauti moja, si ya jogoo, ya kitu kidogo zaidi. Leocadio alivishika vidole vyeusi kwa mkono wake wa kushoto akavivuta, akavipiga, akamwita Mungu. Mwekundu alikuwa anamdonoa mikono. Mbawa za kijivu zilipiga, zikapiga, zikalegea. Mpaka mkono ulipochoka wenyewe na kuachia, ndege alidondoka kwenye mchanga kama nguo iliyoanguka kambani.

Kisha sauti ya Chago ikatoka viti vya juu:

"Jamani, hata jogoo alikuwa parachichi!"

Wakacheka. Walicheka wanaume wazima, wengine wamepoteza pesa na bado walicheka. Leocadio alipiga magoti mchangani. Akanyanyua kigutu, akanusa ukingo wa kikombe, akainua macho akamtafuta mdogo wake kati ya watu wote wale. Akamwona. Wilfrido hakuwahi kujua kupanga uso wake upesi.

Don Tavito alishuka ulingoni. Alisema kwa sauti ya kuchoka, "Mashine imeniulia jogoo." Hakumtazama mwanawe. Akamwambia Don Apolinar kuwa mapambano yakiisha atakuja kutoa neno mbele ya watu, kama desturi.

Wilfrido alitoka nje kuvuta hewa, na hewa ilikuwa tamu. Akanunua yaniqueque, akala mbili. Kwa mbali alimwona Leocadio amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya meko ya yule mama. Ameomba sabuni ya vyombo. Ameuvua mkono, anakisugua kigutu, anakisuuza, anakisugua tena. Kisha akaazima taulo, akajikausha pole pole, kila mahali, hata kwenye mikunjo ya kovu, akavipangusa vile vibati viwili vya chuma ndani ya kikombe mpaka vikang'aa. Waliopita walimtupia maneno. Hakuwajibu.

Sasa ndiyo unaosha, kaka, Wilfrido akawaza. Umechelewa.

*

Huku kwetu neno la ulingoni halina karatasi. Linafungwa kwa mkono, katikati ya mchanga, watu wakiona, na likishafungwa hata padri halifungui. Don Tavito aliwasimamisha wanawe pale alipofia jogoo. Ndege mwenyewe alikuwa bado chini. Hakuna aliyejisumbua kumwondoa. Mzee akaingiza kidole ndani ya shati, akautoa ufunguo na uzi wake mwekundu, akamkabidhi Wilfrido, ambaye aliutia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

"Peaneni mikono," mzee akasema. "Yaishe."

Leocadio akanyoosha mkono wa kushoto. Yangeishia hapo. Lakini Wilfrido aliwaona watu wote wale wanamtazama, yeye, kwa mara ya kwanza yeye, na akashindwa kujizuia.

"Kaka, huo wa nyama wa nini? Nipe wa mashine. Ndio ulionipatia ufunguo."

Ulingo ukalipuka kwa kicheko. Leocadio akaushusha wa kushoto. Akanyoosha wa kulia, na vidole vikafunguka taratibu, bila kusita, mota ikinong'ona. Wilfrido akatia vidole vyake. Vyeusi vikamfumbata kwa wepesi, kama vilivyofumbata yai.

"Mnaona?" akawageukia kina Chago, meno yote nje. "Leo umetulia. Umeshiba jogoo!"

Mkono ukakaza kidogo. Akaendelea kucheka. Ukakaza tena, na kicheko kikabaki mdomoni bila sauti. Alimgeukia kaka yake, akaitafuta hasira usoni mwake, kwa sababu hasira angeielewa. Hakuiona. Aliona uso ule wa dukani, wa siku ya yai.

"Fungua," akanong'ona.

"Nafungua," Leocadio akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Haufunguki. Si unaujua ulivyo?"

"Fungua, we! Baba! Baba, anafanya makusudi!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mkono huo hauna bwana!" mmoja akapaza sauti kutoka juu ya paa, na wengine wakaipokea, wakaiimba, wakapiga makofi kwa mdundo. Wilfrido aliuvuta mkono wake, akavuta mpaka machozi yakamtoka. Vidole vyeusi havikurudi nyuma.

"Ngoja kwanza nimwokote huyu," Leocadio akasema.

Akainama kumchukua jogoo kwa mkono wa kushoto. Aliinama kwa mwili mzima, magoti chini kwa mpigo mmoja, bega la kulia likizunguka naye, na mkono ukiwa umefungwa vilevile. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya kuvunja kuni za kuwashia moto, mbili, halafu moja. Waliokaa mbali hawakuisikia kabisa, wakaendelea kuimba juu ya mayowe ya Wilfrido wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Ndipo vidole vyeusi vikafunguka.

Don Apolinar alikuja, akaangalia, akavuta pumzi kwa meno. Vidole vitatu vya Wilfrido vilikuwa vinaangalia kila kimoja upande wake.

"Amefanya makusudi," Wilfrido alikuwa analia. "Nimemwona usoni. Haki ya Mungu nimemwona!"

"Mwezi mzima umetuambia mkono haumsikii," Don Apolinar akasema. "Leo umemsikia?" Akawageukia watu. "Ajali ya mashine. Hakuna wa kulaumiwa."

Don Tavito alisogea. Alisimama miguuni pa mwanawe aliyelala mchangani, kofia mkononi. Aliutazama ule mkono muda mrefu, kisha akamtazama Leocadio, na kati yao kulipita kitu ambacho Wilfrido, hata katika maumivu yale, alikiona na hakukisahau. Mzee hakuuliza kama unauma. Aliinama, akatia vidole viwili kwenye mfuko wa shati la Wilfrido, akauvuta ufunguo kwa uzi wake mwekundu.

"Jogoo hashikwi kwa mkono mmoja," akasema. Akavaa kofia, akatoka.

Watu wakaanza kutawanyika, kwani nje muziki ulishaanza. Leocadio alibaki amechuchumaa kando ya mdogo wake, jogoo aliyekufa kifuani, vidole vyeusi vimemshika vizuri, chini ya kidari, kama inavyotakiwa. Akamfuta mchanga shavuni kwa mkono wa nyama. Akamsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Kesho nitakuja hospitali. Nitakumenyea chungwa."